Wazee wakishagawa viti, mpiga kura abaki na nini?

Kila uchaguzi ukikaribia, jamaa zangu wa Garissa hunipasha habari: wazee wa koo wameketi, ukoo huu umepewa ugavana, ule useneta. Wenyewe huita demokrasia ya maelewano. Sisi wa Pwani huona ni kichekesho, kumbe wazo hili lina msomi wake.

Arend Lijphart, Mholanzi, aliandika mwaka 1968 kuhusu kwao: Wakatoliki, Waprotestanti na wengineo waliishi mbalimbali, lakini viongozi wao walielewana na nchi ikatulia. Mwaka 1977 akalipeleka wazo kwa nchi nyingine zilizogawanyika: tawaleni pamoja, gawaneni kwa uwiano, kila kundi liwe na sauti ya kukataa.

Baadaye akasogea, na hapo ndipo aliponigusa. Alikuja kuona ni bora makundi yasipangwe mapema. Watu wajipange wenyewe kwa kura zao. Maana kijana, mwanamke au mtu wa ukoo mdogo, ni nani anayemsemea kikaoni?

Mandera, mwaka 2017, wazee wa Garre walitaka waliokuwa madarakani wasigombee tena. Gavana Ali Roba aligoma, akashinda. Mwaka huohuo Ijara, kaunti ya Garissa, ilimchagua Sophia Abdi Noor, mwanamke wa kwanza wa Kaskazini Mashariki kushinda ubunge wa eneo bunge.

Wazee siwadharau, wameepusha ugomvi mwingi. Wampendekeze wamtakaye, ila anayekataa orodha yao asitengwe na watu wake.