Saa ya tikiti isitugombanishe na watoto wetu

Katika mkutano wetu wa mwezi huu wa kwanza tulimkuta mama mmoja wa kikundi amekaa kando, simu mkononi, uso umekunjamana. Binti yake anayesoma Ubelgiji alikuwa amesafiri kwenda London. Picha ya tikiti ilionyesha hivi: kutoka Bruxelles 10h00, kufika London 10h10. Mama alihesabu dakika kumi, akaanza kungoja. Binti alipiga simu saa nane mchana wa kwetu. «Huyu ananidanganya,» mama akasema. «Saa zote hizo alikuwa wapi?»

Tulichukua karatasi, tukahesabu pamoja naye.

Kutoka Bruxelles mpaka London ni karibu kilometa 320 kwa njia ya hewani. Ni kama kutoka hapa Lubumbashi kwenda Kolwezi kwa barabara. Hakuna ndege ya abiria inayoweza kumaliza mwendo huo kwa dakika kumi. Inatumia saa moja na dakika kumi hivi.

Basi saa moja imepotelea wapi? Haikupotea. Tikiti inaandika saa ya kila mji, na saa ya London iko nyuma ya ile ya Bruxelles kwa saa moja. Jambo hilo tunaliishi hata sisi: hapa ikiwa saa sita mchana, Kinshasa ni saa tano.

Sasa tuongeze saa ya kwetu. Wakati huu wa baridi ya Ulaya, tunaitangulia Bruxelles kwa saa moja na London kwa saa mbili. Kwa hiyo binti alitua saa sita na dakika kumi, kwa saa ya hapa. Halafu kuna foleni ya pasipoti, maana Uingereza ina mpaka wake na viza yake. Ile ya Ubelgiji haitoshi. Halafu kungoja mizigo, na treni ya kuingia mjini. Kupiga simu saa nane si kuchelewa.

Tukumbuke pia kwamba Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu, Ulaya inasogeza saa mbele, mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi. Katika miezi hiyo Bruxelles inakuwa na saa sawa na yetu, na London inabaki nyuma kwa saa moja tu.

Mtoto akisafiri, tumuulize mapema mambo matatu: Ndege inatumia muda gani? Ikitua, hapa kwetu itakuwa saa ngapi? Kuna mpaka wa kupita? Tuyaandike, tuyabandike ukutani.

Mama yule aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akampigia binti yake, na neno la kwanza alilomwambia lilikuwa: «Umekula, mwanangu?»