Hata Google walilipa ankara feki. Wewe umejipangaje?

Ndugu mfanyabiashara, ukisikia wizi wa mtandaoni usidhani ni habari za mabenki tu. Soma mpaka mwisho, humu mna mtaji wako.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2024, kituo cha FBI kinachopokea malalamiko ya wizi huu kule Marekani kilipata malalamiko 859,532. Hasara iliyoripotiwa ni dola bilioni 16.6. Ukipiga dola moja kwa shilingi 2,500, ni zaidi ya trilioni 41 za Kitanzania! Mwaka 2023 ilikuwa dola bilioni 12.5. Na hao ni walioripoti tu. Wengi wakilizwa wananyamaza kwa aibu.

Hela yote hiyo inaibwaje? Mara nyingi hakuna mtambo uliovunjwa. Mwizi anaomba, mwenye hela anatuma mwenyewe.

Kuna jamaa wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas. Alifungua kampuni yenye jina sawa na kampuni ya Asia iliyokuwa ikiwauzia vifaa Google na Facebook. Akawatumia ankara feki kwa barua pepe. Wahasibu wakaona jina wanalolijua, na kweli kuna mzigo wanaununua huko, wakalipa. Kati ya 2013 na 2015 zikaenda zaidi ya dola milioni 120. Mwaka 2019 alihukumiwa miaka mitano jela.

Sasa kumbuka meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Si mchezo uleule? Inakukuta siku ambayo kweli una mtu wa kumlipa, unatuma bila kuuliza. Tofauti ni kwamba wale ni matajiri, na sehemu kubwa ya hela yao ilirudi. Wewe laki nane ikienda, ndiyo mtaji umekata.

Fanya hivi:

1. Msambazaji akibadilisha namba ya malipo, mpigie kwa namba yake ya zamani uliyoizoea. Usipige ile iliyoko kwenye meseji.

2. Mteja akikuonyesha meseji ya muamala, angalia salio lako kwanza. Mzigo usitoke dukani kwa meseji tu, hata kama bodaboda anapiga honi nje.

3. Mtu akisema "nimekosea kutuma, nirudishie", usirudishe mwenyewe. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake.

4. Namba ya siri ni yako peke yako. Anayejiita wa kampuni ya simu au benki akiiomba, kata simu.

5. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kaifute.

6. Meseji ya utapeli itume kwenda 15040, na wenzako wapone.

Na kama umeshatuma? Usikae kulia. Piga huduma kwa wateja hapohapo waizuie hela kabla haijatolewa, halafu nenda polisi na namba ya muamala. Kila dakika unayochelewa, tapeli yuko kwa wakala anatoa.

Kijana unayemwachia duka anayajua haya? Msomee leo kabla hamjafunga.

Wewe walishakujaribu kwa njia gani? Andika hapo chini, mwenzako ajifunze.