Kiti cha Ubingwa Kimekosa Mlipaji

Mama anafika kliniki akitokea Kayole. Sukari anayo tangu kifungua mimba wake akiwa shule ya msingi, presha ilifuata, na sasa miguu imevimba hadi viatu havimwingii. Mtaani watamhesabia magonjwa matatu. Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani huuliza kwanza kama hayo matatu hayatoki shina moja. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huchakaza vichujio vya figo. Figo zikichoka, presha hupanda. Presha ikipanda, figo huumia zaidi, na maji hubaki mwilini. Sasa mtu akimpa mama huyo vidonge vya diclofenac kwa ajili ya magoti bila kupima figo, anaweza kumharakishia safari ya mashine ya kusafisha damu.

Hiyo ndiyo kazi ya ubingwa huu: kuusoma mwili mzima kama habari moja. Hatushiki kisu. Tunategemea kusikiliza, kugusa, kupima na kufikiri. Magonjwa yanayowasumbua watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kila siku, yaani sukari, presha, moyo, figo, kifua kikuu na Virusi vya Ukimwi, yote yanapitia mikononi mwetu.

Vijana waliokulia Umoja, Dandora na Jericho, ambao leo ni madaktari, huniuliza swali moja: ni vigumu kiasi gani kupata nafasi ya kusomea ubingwa huu? Huwajibu kwamba alama zao huenda zikatosha. Wajiulize mapema nani atawalipa wakiwa masomoni.

Tuanze na safari yenyewe. Shahada ya kwanza ya udaktari huchukua miaka 6. Kisha kuna mwaka wa uanagenzi, ambapo daktari huzunguka idara kuu za hospitali, magonjwa ya ndani ikiwa mojawapo. Akimaliza, husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Vyuo vingi hupenda awe amefanya kazi kwa muda kabla ya kuomba shahada ya uzamili ya tiba, ile tunayoiita MMed, ambayo huchukua miaka 3 au 4 kutegemea chuo. Kwa hesabu hiyo, aliyeingia chuoni akiwa na miaka 19 anabisha mlango wa ubingwa akikaribia 30. Wakati huo ana kodi ya nyumba, pengine mtoto, na karibu kila mara wadogo zake wanaomtazama yeye kwa karo.

Mlango wa kwanza ni chuo. Hapa nafasi ni chache kwa sababu inayoeleweka. Ubingwa hufundishwa kando ya kitanda. Kila rejista, kama tunavyowaita madaktari walio masomoni, anahitaji wagonjwa wa kutosha na bingwa wa kumsimamia, hivyo chuo hakiwezi kujaza ukumbi kama darasa la uchumi. Kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mwaka 1967, na wodi za Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, iliyoanza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, ndizo zilizokuwa darasa lake kubwa. Kabla ya mafunzo ya uzamili kuanzishwa hapa nchini, Mkenya aliyetaka ubingwa alifunga safari ya Uingereza kufanya mitihani huko. Leo pia kuna mafunzo katika Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret na kwingineko. Njia imepanuka, ila waombaji nao wameongezeka.

Mlango wa pili ni mwajiri, na hapa ndipo wengi hukwama. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, madaktari wengi wa umma huajiriwa na kaunti. Mwenye ajira ya kudumu anaweza kuomba likizo ya masomo yenye malipo, naye akafunga mkataba wa kurudi kutumikia. Lakini kaunti ikiwaruhusu madaktari wake kadhaa kwa mpigo, wodi zitabaki na nani? Kwa hiyo hupanga foleni, na foleni huenda polepole. Aliyeajiriwa kwa mkataba mfupi mara nyingi hata kwenye foleni hiyo hayumo.

Anayebaki nje ya foleni hujilipia mwenyewe, na huo ndio mlango wa tatu. Mchana anatibu wagonjwa wodini bila mshahara huku akilipa karo. Usiku anatafuta zamu za kibarua katika hospitali za binafsi ili apate kodi. Mkono mtupu haulambwi, na chuo hakipokei ahadi. Nami nilipita huko. Alfajiri moja, nikitoka zamu ya usiku, nilipitiwa na usingizi kwenye matatu nikapelekwa mbali na kituo changu. Nilifika wodini nimechelewa, na mgonjwa niliyepaswa kumfuatilia alikuwa amezidiwa. Wenzangu walimwokoa. Tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie kwamba malipo ya rejista ni suala la rejista peke yake.

Katika mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, wanagenzi ndio waliovuma zaidi kwenye habari. Hata hivyo, masomo ya uzamili na gharama zake yalikuwa miongoni mwa madai.

Linganisha na Marekani, ambako vijana wetu wengi hutupia macho. Huko waombaji na hospitali huorodhesha chaguo zao, kisha mfumo wa kitaifa uliopo tangu mwaka 1952 huwaoanisha, na majibu hutoka mwezi Machi. Magonjwa ya ndani ndiyo idara yenye nafasi nyingi kuliko zote, zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Hata hivyo, kati ya raia wa kigeni waliosomea nje ya nchi hiyo na kushindania idara zote, wanaopata nafasi ni takriban 6 kwa kila 10. Mtihani wa kwanza wa leseni ulipoacha kutoa alama mwaka 2022, uzito uliangukia mtihani wa pili, barua za mapendekezo na uzoefu wa hospitali za huko. Ni ushindani mkali na wa gharama, lakini anayeshinda anaanza kulipwa mshahara tangu siku ya kwanza. Kwetu, mtu anaweza kushinda nafasi chuoni akaipoteza kwa kukosa kodi ya nyumba.

Kwa anayeomba, nina ushauri wa aina tatu. Kwanza, usiombe chuo kimoja tu. Mbali na vyuo vya umma kuna Chuo Kikuu cha Aga Khan, ambako nafasi ni chache lakini walio masomoni hulipwa. Kuna pia Chuo cha Madaktari Bingwa wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ECSACOP, ambacho humfundisha daktari ndani ya hospitali iliyoidhinishwa kwa miaka 4. Pili, mwajiri wako aulizwe kabla ya chuo, na kwa maandishi. Tatu, kabla ya usaili, fanya utafiti mdogo wodini kwako na umwombe bingwa aliyekuona kazini akuandikie barua. Bingwa aliyefanya raundi nawe kitandani kwa mgonjwa ana la kusema juu yako ambalo cheti hakiwezi kulisema.

Kwa wenye kupanga bajeti, naomba waitazame ramani. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 988,808 katika Embakasi peke yake, ambayo ni sehemu tu ya Eastlands. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki inabeba sehemu kubwa ya mzigo huo, na wodi zake zina kila ugonjwa ambao mwanafunzi wa ubingwa anahitaji kuujua. Nafasi za mafunzo zenye mshahara zikiwekwa huko, zikiwa na mabingwa wa kusimamia, rejista atajifunza na mgonjwa atatibiwa katika wodi hiyo hiyo.

Mama wa Kayole hajui MMed ni nini, wala hahitaji kujua. Anachohitaji ni daktari atakayemuuliza, kabla ya kuandika dawa ya magoti: mama, figo zako zilipimwa lini?