Pasipoti Huisha Kabla ya Tarehe Yake

Pasipoti ya kawaida ya mtu mzima, Tanzania na Kenya, hutolewa kwa miaka kumi, na mwenye nayo huamini kwamba ana miaka kumi ya kusafiri. Hana. Kwa safari nyingi zinazofanywa na watu wetu, za biashara Guangzhou na Dubai, za Umra na Hija, za matibabu India, kitabu hicho huacha kufaa miezi sita kabla ya tarehe iliyochapishwa kwenye ukurasa wa picha. Tarehe ile inaeleza siku ambayo nchi iliyoitoa pasipoti itaacha kuitambua. Siku ambayo nchi nyingine zitaacha kuipokea haikuandikwa popote ndani yake, na hiyo ndiyo inayoamua kama utapanda ndege. Sharti hili lina msingi wa haki, nami nitalitetea. Nisichoweza kukitetea ni namna mzigo wake wote ulivyoachiwa abiria, mtu ambaye mara nyingi haelezwi habari yake mpaka asimame na mizigo mbele ya kaunta ya shirika la ndege, ilhali serikali zetu zina uwezo wa kuupunguza.

Tufanye hesabu kidogo. Pasipoti inaisha tarehe 20 Oktoba. Mwenye nayo amekata tiketi ya Dubai ya tarehe 25 Aprili, anakwenda siku nne kununua bidhaa na kurudi. Atakaporudi nyumbani, pasipoti itakuwa ingali na zaidi ya miezi mitano. Lakini Umoja wa Falme za Kiarabu unataka miezi sita kuanzia siku ya kuingia, na miezi sita kutoka tarehe 25 Aprili inafika tarehe 25 Oktoba. Zimepungua siku tano, na siku hizo tano zinatosha kumrudisha nyumbani kabla hajaondoka. Wengine wanahesabu kwa namna nyingine. Nchi za Ulaya zilizo katika eneo la Schengen hazihesabu kutoka siku ya kuingia bali siku ya kutoka: anayekusudia kuondoka Ujerumani tarehe 15 Juni lazima awe na pasipoti inayofika angalau tarehe 15 Septemba, na tena iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita. Uturuki inataka siku 60 zaidi ya muda wa viza au kibali cha kukaa. Afrika Kusini inataka siku 30 baada ya kuondoka. Uingereza inaridhika ikiwa pasipoti itakuwa hai kwa muda wote wa ziara. Kwa hiyo pasipoti ileile, siku ileile, inaweza kuwa nzima kwa London na bovu kwa Dubai. Na kabla hatujawanung'unikia wenzetu, Kenya na Tanzania nazo huwataka wageni wanaoingia wawe na pasipoti yenye miezi sita.

Kwa nini nchi ijihangaishe na miezi ambayo mgeni amesema hatakuwapo? Jibu limo katika kazi yenyewe ya pasipoti. Wengi huiona kama ruhusa ya kwenda. Kwa ofisa wa uhamiaji wa nchi ya ugenini, thamani yake kubwa ni ahadi ya kurudi: serikali iliyoitoa inathibitisha kwamba huyu ni raia wake na kwamba itampokea. Ahadi hiyo ikipita muda mgeni akiwa bado ndani, nchi mwenyeji inabaki na mtu ambaye haiwezi kumpandisha ndege kwa urahisi. Itabidi ubalozi wake utafutwe, uraia wake uthibitishwe upya, hati ya dharura iandikwe, na hayo yote yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Tena mipango ya safari huvunjika bila kosa la mtu. Aprili 2010 mlima wa volkano ulilipuka Iceland, na majivu yake yakafunga sehemu kubwa ya anga ya Ulaya kwa siku kadhaa. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona, na watu waliokwenda kwa wiki mbili wakajikuta wamekaa miezi. Aliyekuwa na pasipoti yenye mwezi mmoja alikuwa na mashaka mawili kwa wakati mmoja, la kukosa ndege na la kukosa hati. Mtu huweza pia kuugua, kulazwa, au kuongezewa muda wa kukaa kwa njia halali kabisa. Akiba ya miezi imewekwa kwa ajili ya siku kama hizo, nami ninapoisoma historia hiyo fupi ya miaka ya karibuni siwezi kusema ni sharti la uonevu.

Wapo wasemao: mbona fulani alikwenda na miezi minne na hakuulizwa? Inawezekana alikwenda nchi isiyodai zaidi. Lakini anayedhani kwamba atajieleza kwa ofisa wa uhamiaji akifika huko amekosea mahali pa kujielezea, kwa maana uamuzi wa kwanza hufanywa uwanja wa kuondokea, na anayeufanya ni mfanyakazi wa shirika la ndege. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kuhusu usafiri wa anga wa kiraia, katika kiambatisho chake cha 9, unayataka mashirika yahakikishe abiria wana hati zinazotakiwa na nchi wanakokwenda, na abiria akikataliwa huko, shirika lililomleta ndilo linalotakiwa kumwondoa. Umoja wa Ulaya uliongeza ukali mwaka 2001: nchi wanachama ziliagizwa kuyatoza mashirika faini kwa kila abiria aliyeletwa bila hati sahihi, ama kwa kuweka faini ya chini isiyopungua yuro 3,000, ama kwa kuweka kikomo cha juu kisichopungua yuro 5,000. Kwa hiyo mfanyakazi wa kaunta hatumii busara yake. Anaingiza uraia wako, tarehe ya pasipoti na mahali unakokwenda katika mfumo uitwao Timatic, unaoendeshwa na chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kisha anafuata jibu linalotokea. Kumwonyesha tiketi ya kurudi, barua ya mwaliko au machozi hakubadilishi kitu, kwa kuwa hana mamlaka ya kusamehe sharti la nchi nyingine.

Na nauli je? Hapo ndipo abiria anapobaki peke yake. Masharti ya tiketi kwa kawaida husema kwamba hati za safari ni jukumu la msafiri mwenyewe, na hata sheria ya Ulaya ya kuwalipa fidia abiria wanaozuiwa kupanda ndege haimhesabu aliyezuiwa kwa sababu halali ya kasoro katika hati zake. Ni kweli kwamba kaunta nayo hukosea. Mwaka 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la raia wa Kazakhstan aliyezuiwa kupanda ndege Larnaca kwenda Bucharest kwa madai kwamba hati zake hazitoshi. Mahakama ilisema kwamba kuzuiwa na shirika hakumnyang'anyi abiria ulinzi wake moja kwa moja. Kama hati zilikuwa sahihi, anaweza kudai haki yake mahakamani, na shirika haliwezi kujivua wajibu huo kwa kuandika tu katika masharti yake. Huo ni uamuzi mzuri. Lakini ulipatikana baada ya miaka ya kesi, na mfanyabiashara wa soko la Kariakoo au la Gikomba ambaye mzigo wake unamsubiri Guangzhou hana nafasi ya kungoja mahakama.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha. Mtu amelipa kwa ajili ya miaka kumi. Kwa nini apoteze nusu mwaka? Tanzania pasipoti ya kawaida imekuwa ikigharimu shilingi 150,000. Kenya ada ya kitabu cha kurasa 34 ilipanda mwaka 2024 kutoka shilingi 4,500 hadi 7,500. Kwa mwenye mshahara mdogo hizo ni fedha za kufikiria mara mbili, na ukiongeza nauli ya kwenda mjini kupiga picha na kutoa alama za vidole, gharama inakua. Hata hivyo hesabu ya hasara ni lazima ifanywe kwa pande zote. Nusu mwaka katika miaka kumi ni sehemu moja ya ishirini ya ada, yaani kama shilingi 7,500 za Tanzania. Tiketi ya Dubai iliyopotea ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi sana. Kinachoumiza zaidi si ada bali ucheleweshaji. Wakenya wanakumbuka mwaka 2023, waombaji walipojaa Nyayo House, jengo la ofisi za uhamiaji, na maombi ya makumi ya maelfu yakakwama kwa uchakavu wa mashine za kuchapia na upungufu wa vitabu. Nchi inayomwambia raia wake ahuishe pasipoti mapema inawajibika kwanza kuhakikisha kwamba akiomba, anaipata.

Wapo pia ambao pasipoti huwaishia wakiwa tayari ugenini, na hao ndio ninaowahofia kuliko wote. Mfanyakazi kutoka Tanzania, Kenya au Uganda katika nchi za Ghuba ana kibali cha ukaazi kinachofungamana na pasipoti iliyo hai. Ikiisha, kuhuisha kibali kunakwama, na mtu aliyeingia kihalali anaanza kuhesabiwa kuwa amepitisha muda. Tatizo huzidi pale mwajiri anapokaa na pasipoti ya mfanyakazi wa ndani, maana mwenyewe hata tarehe haioni. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, katika ibara ya 9, unasema wazi kwamba mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kubaki na hati zake za safari na utambulisho. Anayekwenda kazini huko aondoke na pasipoti yenye muda mrefu kuliko mkataba wake wa ajira, na tarehe ya mwisho aiache kwa ndugu nyumbani ikiwa imeandikwa.

Serikali zifanye nini? Baadhi hupendekeza kwamba miezi iliyobaki ihamishiwe kwenye pasipoti mpya. Wazo hilo linavutia, na Uingereza ililifuata kwa muda mrefu, ikiongeza hadi miezi tisa, kabla ya kuacha mwaka 2018. Waingereza wenye pasipoti hizo waligundua baada ya kutoka Umoja wa Ulaya kwamba ile miezi ya ziada haiwasaidii Schengen, ambako pasipoti iliyotolewa zaidi ya miaka kumi iliyopita haikubaliki hata kama tarehe yake ya mwisho haijafika. Njia iliyo bora ni ile ya makubaliano. Marekani imekubaliana na nchi nyingi kwamba raia wa nchi hizo atapokewa kwao hata miezi sita baada ya pasipoti yake kuisha. Kwa sababu hiyo Marekani inamtaka awe tu na pasipoti inayofikia mwisho wa ziara. Hapo hofu iliyozaa sharti imeondolewa kwa maandishi. Nchi za Afrika Mashariki zinaweza kutoa ahadi hiyohiyo kwa pamoja kwa nchi za Ghuba, India na China. Kuaminiana kwa namna hiyo hakuko mbali nasi: tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa tu.

Wakati tukisubiri makubaliano, lipo jambo linaloweza kuanza bila mkataba wowote. Idara za uhamiaji zina tarehe ya kila pasipoti ziliyotoa, na waombaji hujaza fomu kwa mtandao pamoja na namba zao za simu. Ujumbe mfupi wa simu mwaka mmoja kabla ya tarehe ya mwisho, ukieleza kwamba nchi nyingi hudai miezi sita, ungewaokoa watu wengi kwa gharama ndogo. Mawakala wa safari nao waulize tarehe ya pasipoti kabla ya kupokea fedha ya tiketi, si baada yake.

Nawe msomaji, ikiwa pasipoti yako imebakiza chini ya mwaka mmoja na una safari, omba mpya kwanza, kisha ndipo ulipie tiketi. Kama ile ya zamani ina viza ya Marekani ambayo haijaisha, usiibandue wala usiichane. Safiri na vitabu vyote viwili, cha zamani na kipya, maana viza hiyo bado inatumika.