Kanuni mpya mchezoni: Mizani yake hupimwaje?

Mjini Muscat, mji mkuu wa Oman, mila mbili za mchezo wa kete zimekaa jirani. Oman ina hawalis, yenye safu nne za mashimo saba saba na kete 56. Waomani waliorejea kutoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na hasa tangu Sultan Qaboos bin Said aliposhika madaraka mwaka 1970, walikuja na bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64.

Ujirani huo huzusha swali linalowakabili watunzi wa michezo kila mahali: kanuni inapoongezwa, itajulikanaje kwamba haimpendelei mmoja?

Nyumba mbili

Chukua mfano wa nyumba, shimo lenye heshima ya pekee katika bao. Mchezo unapoanza, kila mchezaji hutia kete sita katika nyumba yake, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani. Kete 22 hubaki mkononi, naye huziingiza moja moja katika kipindi cha kunamua.

Nyumba hiyo ni shimo la nne kutoka kulia kwa mwenyewe. Kwa kuwa safu ina mashimo manane, nyumba mbili hazitazamani. Zimepishana kwa shimo moja. Hakuna kete za mwanzo zinazokabiliana, hivyo anayeanza hawezi kula. Hana budi kutakata.

Sasa tuseme wachezaji wawili wanataka kuingiza kanuni hiyo katika ubao wa mashimo saba. Shimo la nne ndilo la katikati, na nyumba zinakabiliana ana kwa ana. Anayeanza hutia kete moja katika nyumba yake na papo hapo hula sita kati ya kumi za mwenzake.

Kanuni ni ile ile, neno kwa neno, lakini haki imetoweka. Nyumba zikisogezwa shimo moja kuliani, kasoro hiyo huondoka.

Kusoma hakutoshi

Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba katika Dakon, mchezo wa aina hii wa Indonesia, anayeanza anaweza kushinda katika zamu yake ya kwanza. Mwaka 2002 kompyuta zilizopitia mipangilio zaidi ya bilioni 889 ya mchezo wa Awari, wenye asili ya Afrika Magharibi, zilithibitisha kwamba wachezaji wasiokosea hutoka sare. Kwa macho, michezo hiyo miwili inafanana.

Tatizo hilo limewasumbua pia watunzi wa Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika uliotoka Marekani mwaka 1974. Kitabu chake cha nyongeza, Greyhawk, kilifuata mwaka 1975 kikiwa na wahusika wapya. Kila nyongeza ya namna hiyo huulizwa: je, mhusika mpya anawafanya wa zamani wasiwe na maana?

Kipimo ni kucheza mara nyingi, wachezaji wa kiwango kimoja wakibadilishana zamu ya kuanza. Ushindi ukimfuata anayeanza badala ya fundi, kosa liko katika kanuni.

Pasipo kipimo hicho, aliyeshindwa hawezi kujua kama amezidiwa maarifa au amedhulumiwa na ubao.