Mafua katika Nyumba ya Mwenye Maradhi ya Moyo



Huku Rungwe, baridi ya Juni na Julai inapoingia, ni nadra kukuta nyumba isiyo na mtu anayekohoa. Tumezoea. Twasema, "Ni mafua ya baridi tu," na mgonjwa hupewa chai ya tangawizi akajifunika blanketi. Kwa mwenye moyo mzima, neno hilo mara nyingi huwa kweli. Lakini kwa mzee mwenye shinikizo la damu, au kijana ambaye vali za moyo wake ziliharibika kwa maradhi ya koo yaliyoachwa bila tiba utotoni, neno hilo laweza kumchelewesha hadi asiweze kuokolewa.

Homa huufanya moyo uende mbio, ilhali mapafu yaliyoshikwa na maradhi hayaipi damu oksijeni ya kutosha. Basi moyo dhaifu hutakiwa kufanya kazi kubwa kwa hewa kidogo. Ukishindwa, maji hujaa mapafuni. Tena, mwili unapopigana na virusi, damu huganda upesi zaidi, na mshipa uliokwisha kuwa mwembamba waweza kuziba. Kwa hiyo moyo waweza kushambuliwa siku chache baada ya mafua makali. Korona ilituonyesha: katika wagonjwa 44,672 waliohesabiwa China hadi Februari 2020, walikufa asilimia 2.3, lakini miongoni mwa wenye maradhi ya moyo na mishipa, asilimia 10.5.

Linalotusikitisha ni mgonjwa kuacha dawa zake za moyo, ati zisigongane na za mafua. Asiziache. Za mafua ndizo za kuulizia kwanza, kwani baadhi yake hupandisha shinikizo la damu. Wala asiwekewe jiko la mkaa chumbani, hata baridi ikizidi. Hewa yake yenye sumu huinyima damu oksijeni.

Akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, au miguu ikivimba, au kifua kikimbana, apelekwe hospitali usiku uleule, asingojeshwe kupambazuke.

Na wazee wetu wanaojikokota na mvua ili wasiikose Ijumaa, hali wanaumwa: sheria imekwisha kuwapa udhuru. Waswali adhuhuri nyumbani, nasi tunaokohoa tusiende kuwapa mkono.