Kununua Nyumba ya Zamani Yenye Kiwanja Kikubwa

Katika mitaa iliyojengwa zamani ya Kinondoni na Temeke, kama vile Mikocheni, Kijitonyama, Mbezi Beach na Chang'ombe, viwanja vitupu ni adimu. Anayetaka kuishi huko hununua nyumba iliyokwisha kukaliwa, mara nyingi ya miaka ya 1970 au 1980, yenye miembe uani na nafasi ya kujenga nyumba nyingine. Madalali hupenda kumwambia mnunuzi kwamba analipia kiwanja tu, nyumba anaongezewa. Kauli hiyo ina ukweli kiasi, kwa kuwa thamani kubwa ya mali ya namna hii imo katika ardhi. Basi uchunguzi nao uanzie kwenye ardhi. Rangi ya ukuta isubiri.

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Anachouza mwenye nyumba ni haki ya kumiliki ardhi kwa muda uliotajwa katika hati. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 muda huo hauzidi miaka 99, na viwanja vingi vya makazi vilitolewa kwa miaka 33. Hapa ndipo nyumba za zamani huwa na mtego. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1986 ilimalizika mwaka 2019, hata kama karatasi yake bado inang'aa kabatini. Itazame tarehe ya kuanza kwa muda, uhesabu. Ikiwa muda umekwisha au umekaribia, muuzaji aihuishe hati kwanza kwa jina lake na kwa gharama yake. Usikubali kuachiwa kazi hiyo.

Nakala ya hati pekee haitoshi. Chukua namba ya hati, ya kitalu na ya kiwanja, uombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Taarifa utakayopewa itaonyesha jina la mmiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu mwingine. Majina ya maeneo yasikutatize: baadhi ya mitaa, Sinza ikiwa mmojawapo, ilikuwa Kinondoni na sasa imo Manispaa ya Ubungo, kama vile Kigamboni ilivyotengwa na Temeke. Hati ya zamani yenye jina la manispaa ya zamani si lazima iwe ya kughushi. Leseni ya makazi ni jambo jingine. Hiyo hutolewa katika maeneo yasiyopimwa, tena kwa muda mfupi, na bei yake haipaswi kulingana na ya kiwanja chenye hati.

Mara nyingi nyumba ya umri huu huuzwa baada ya mwenyewe kufariki, na migogoro mingi huanzia hapo. Muhtasari wa kikao cha ukoo, hata ukiwa na saini ishirini, haumpi mtoto mkubwa mamlaka ya kuuza. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mwombe barua ya uteuzi, kisha ukaihakiki katika masjala ya mahakama iliyoitoa. Kwa Dar es Salaam unaweza kuelekezwa kwenye Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kilichopo Temeke. Zungumza na warithi wote, hasa yule anayeishi ndani ya nyumba na asiyesema neno siku ya kuonyeshwa. Mmiliki akiwa hai na ana mwenzi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi huyo kabla ya kuuza nyumba ya familia, hata kama jina lake halimo katika hati.

Baada ya hapo nenda uwanjani na mpimaji ardhi mwenye leseni. Ukubwa wa kiwanja ni neema yenye kero zake: jirani husogeza ukuta, bikoni hufukiwa, kipande cha nyuma huuzwa kwa maandishi ya mkono miaka kumi iliyopita. Kiwanja kinachosomeka meta za mraba 1,800 katika hati kinaweza kubaki 1,500 ardhini. Ukikusudia kukigawa ili uuze sehemu, fahamu kwamba ugawaji huhitaji kibali cha mamlaka ya upangaji. Usilipe bei ya leo kwa matumaini ya kibali cha kesho. Ulize pia wapangaji wa banda la uani wana mikataba gani.

Kuna ardhi ambayo hati haiikingi na tingatinga. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka meta 22.5 hadi 30 kila upande, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 za kingo za mto. Wakazi wa bonde la Msimbazi, upande wa Hananasif na Mkwajuni, waliona utekelezaji wake Desemba 2015. Alama ya X iliyopakwa chokaa juu yake haijafutika.

Jengo lenyewe lichunguzwe na fundi wako, si wa muuzaji, na ikiwezekana wakati wa masika. Atazame chumvi inayomenya plasta chini ya kuta, nondo zilizopasua zege kwa kutu, mchwa katika kenchi, nyaya chakavu, na hali ya karo la maji taka. Paa la asbesto lina gharama yake ya kuliondoa kwa usalama. Ipunguzwe katika bei.

Kodi ya pango la ardhi pamoja na bili za maji zilipwe na muuzaji hadi siku ya makabidhiano, uone stakabadhi. Mkataba uandaliwe na wakili unayemlipa wewe. Mhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba mnafahamika, lakini hauhamishi umiliki. Fedha zipite benki kwa awamu, na awamu ya mwisho, isiyo ndogo, ibaki mikononi mwako mpaka uhamisho usajiliwe na hati isomeke jina lako.